Masoja Watano wa Ghala la Ngozi

Wa kwanza nilimkata sikio kwa wembe wa baba, siku ile ile aliyoingia nyumbani. Ndivyo tulivyofanya kwa kila kiumbe aliyekuwa wetu. Ngamia, ng'ombe, mbuzi, wote walikuwa na alama ya ukoo kwenye sikio la kulia, kipande kidogo kimetolewa ukingoni. Asiye na alama ni wa yeyote atakayemkuta. Basi nilimbana soja wangu kati ya magoti, nikamshika kichwa, nikakata. Plastiki ilikuwa ngumu. Wembe uliteleza ukanipasua kidole gumba, na damu ikamchuruzika shingoni mpaka kwenye ukosi wa sare yake. Nilifurahi mno. Alionekana ametoka vitani.

Nilikuwa na miaka minane, na soja huyo alikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alikuja Isiolo ndani ya marobota ya nguo kuukuu zilizogawiwa misheni mwaka wa ukame. Mama alipewa sweta nzito ya sufi, na ndani ya sweta alikuwamo mwanamume. Alivaa nguo za kitambaa zenye vifungo vya kweli, buti za mpira, na viungo vyake vyote vilipinda, hata vifundo vya mikono. Kifuani alining'iniza kibati cha jeshi kilichofungwa kwenye kamba. Ukiivuta kamba na kuiachia, ilirudi ndani polepole, na kutoka kifuani mwake sauti ya mtu mzima ikatoa amri kwa Kizungu.

Mama aliposikia sauti hiyo mara ya kwanza aliangusha kibuyu cha maziwa. Hakupiga kelele. Alisimama tu huku maziwa yakimlowesha miguu, kisha akaniambia, "Huyo mtu wako atalala nje."

Alikuwa na sababu. Kabla mimi sijapata akili, watu wenye bunduki walifika kwenye kisima cha kwao, upande wa Garbatulla, wakawamiminia risasi ngamia waliokuwa wakinywa. Kaka yake mkubwa alikimbia kuwatawanya wanyama, naye akaangukia mle mle ndani ya birika la kunyweshea. Mama hakupenda kusimulia habari hiyo, na aliposimulia alirudia jambo moja: kwamba kabla ya risasi kulikuwa na sauti ya mtu aliyepiga ukelele kwa Kizungu, mara mbili, na wote pale kisimani walibaki wakitazamana. "Labda alisema tuondoke," alikuwa akisema. "Labda alisema tulale chini. Hakukuwa na mtu wa kutuambia."

Nilisikia, lakini sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba sauti ile iliogopwa, na sasa ilikuwa na kamba, na kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Baba alikuwa mnunuzi wa ngozi. Ghala lake lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, chumba cha mabati kilichojaa ngozi zilizotiwa chumvi, zimepangwa hadi kiunoni, na harufu yake ilikaa kwenye nguo zetu hata zikifuliwa. Humo ndimo soja alimolala, na ndimo wenzake walimomkuta. Wa pili na wa tatu niliwapata kwa mtoto wa mpishi wa kambi ya wajenzi wa barabara. Tulipatana kama baba zetu walivyopatana sokoni, mikono ikiwa imefunikwa kwa shuka na vidole vikizungumza, watazamaji wasijue kitu. Nilimpa yai la mbuni na ngozi mbili za digidigi. Wa nne nilimwiba. Sitasema wapi, maana mwenyewe huenda yu hai na ana kumbukumbu nzuri. Wa tano aliletwa na dereva wa lori la ngozi kutoka Garbatulla, aliyemwokota barabarani akiwa hana buti moja. Mchanga ulikuwa umemwingia kifuani. Wenzake walikuwa na maneno manne au matano kila mmoja, yakitoka bila mpango, lakini huyu alikuwa amekwama. Ungemvuta mara mia, angesema jambo lile lile, kwa sauti ya mikwaruzo. Tulimwita Soja wa Mchanga.

Wote niliwakata masikio. Kila asubuhi kabla ya shule niliwasimamisha juu ya ngozi na kuwahesabu, kama mchungaji afanyavyo akifungua zizi. Siwezi kueleza raha ile. Nilikuwa mtoto mdogo wa mwili, napigwa nyumbani kwa kiboko na shuleni kwa ufito, lakini ndani ya ghala lile nilikuwa na watu watano wa kunisikiliza mimi tu.

Jioni tulicheza vita kwenye laga, ule mto wetu usiokuwa na maji ila mchanga. Tulikuwa sita. Sheria ilikuwa moja: soja akisema, amri yake inatimizwa. Tabu ni kwamba hatukujua alichosema. Mimi nikajitwika kazi hiyo. Nilikuwa darasa la pili, nimejifunza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kizungu, na kwa mtaji huo nikawa mkalimani. Ningevuta kamba, nikainamisha sikio, nikakunja uso kama mwalimu mkuu, kisha nikatangaza. Amesema tambaeni mpaka kwenye mwamba. Amesema huyu achapwe kumi. Amesema huyu amezwe na mchanga mpaka shingoni. Na walitambaa, wakachapana, wakazikana. Siku moja tulimzika mmoja tukamsahau, tukaenda zetu nyumbani, na nyanya yake akamkuta magharibi siafu wameanza kumpanda mdomoni. Tulicheka juma zima.

Mmoja tu hakuniamini. Alikuwa mtoto wa jirani yetu mchinjaji, mtu aliyemuuzia baba ngozi nyingi kuliko mtu mwingine pale mtaani. Mimi na mtoto huyo tulizaliwa mwaka mmoja na tulikula nyumba zote mbili bila kuitwa. Alikuwa na mikono mizito ya kazi na ulimi mwepesi. Jioni moja ilikuwa zamu yake kuwa mateka. Tulimfunga mikono kwa nyuma kwa ukanda wa ngozi mbichi, tukamsimamisha kwenye ukingo wa laga, udongo mgongoni. Nikamvuta Soja wa Mchanga.

"Amesema nini?" akauliza mmoja.

"Amesema mateka apige magoti aombe msamaha."

Mateka akacheka. "Jana ilisema neno hiyo hiyo, ukatuambia ni kuogelea kwa mchanga. Juzi ukasema ni kuchapa. Iko neno moja tu. Wewe hujui Kizungu hata kidogo. Unatudanganya kila siku."

Wenzangu walinigeukia. Niliona wanafikiri, na niliona wanakumbuka. Uso ulinichoma. Hakuna hasira nimewahi kupata ukubwani iliyofikia ile, maana ilikuwa hasira ya mtu aliyeshikwa. Nilivuta kamba tena, mpaka mwisho, karibu niikate. Sauti ikatoka na mikwaruzo yake. Nikasema, "Amesema mpigeni mawe."

Walikuwa wanne wenye mawe mikononi. Hawakungoja. Mawe ya kwanza yaligonga udongo. Moja likampata kifuani akainama, na alipoinua uso kunitazama mimi, si wao, lingine likamwingia jicho la kushoto. Nilisikia lilivyotua, sauti ya kitu kibichi. Hakulia mara moja. Alijaribu kuinua mkono ashike uso, na mkono ulikuwa umefungwa. Akaanza kujipigapiga bega kwenye shavu, na damu ikalijaa bega. Wenzangu wakakimbia. Nilibaki peke yangu nikihangaika na fundo, na ngozi mbichi haifunguki kwa vidole. Ilibidi nilitafune.

Baba alinipiga hadi akachoka, akapumzika, akanipiga tena. Mama hakumzuia. Jicho la mwenzangu lilitolewa hospitali kuu ya mbali, na aliporudi, wazee wa pande zote waliketi uani msikitini kuamua dia, fidia ya jicho lile.

Kesi ilikuwa ngumu kuliko walivyotarajia. Wale wanne walisema hawajui jiwe lilitoka mkono gani, na kwa vyovyote waliamriwa. Wazee wakaniuliza nani aliamuru. Nikasema soja. Nilitegemea wangecheka waniache niende. Hawakucheka. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina akasema shahidi aliyetajwa lazima aletwe. Basi baba yangu, mnunuzi wa ngozi mwenye heshima zake, alitembea mtaani mchana kweupe amembeba mwanasesere asiye na buti moja, akamweka juu ya mkeka katikati ya wazee. Mwalimu wa darasa la saba shuleni kwetu akaitwa.

"Salaam aleikum," mwalimu akasema, akiwa hajui ameitiwa nini.

"Aleikum salaam, mwalimu. Vuta hiyo kamba utuambie inasema nini," akajibu mzee wa ndevu za hina.

Mwalimu alivuta. Akavuta tena. Mara ya tatu alinitazama kwanza, nami nikajua.

"Anasema msipige," mwalimu akasema. "Msipige mpaka niwaambie. Ngojeni."

Mtoto wa mchinjaji alikuwa ameketi karibu na baba yake, kitambaa cheupe jichoni. Baba yangu aliangalia mikono yake mwenyewe. Wazee walibishana hadi alasiri kama kosa ni la jiwe, la mkono au la mdomo, kisha wakaamua kwamba nyumba zote tano zitalipa mifugo, na nyumba ya mdomo italipa zaidi. Mwishoni wakamuuliza aliyeumizwa kama moyo wake umetulia. Akasema bado. Akasema anataka masoja.

Wazee waliona ni ombi la mtoto wakaridhia mara moja. Mimi ndiye niliyelia. Nilikuwa sijalia kwa ajili ya jicho, lakini kwa masoja nililia mbele ya watu wazima mpaka nikakohoa. Jambo hilo linaniumiza hadi leo ninapoliandika.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, mtoto wa mchinjaji aliniita nyuma ya duka lao la nyama. Gogo la kukatia lilikuwa pale, limelika katikati kwa miaka ya shoka. Alikuwa amemsimamisha soja wa kwanza juu yake. "Nitavuta," akasema. "Wewe utaniambia inasema nini. Ukisema kweli naiacha. Mimi nimeuliza mwalimu."

Akavuta. Nikababaika, nikasema, "Anasema twende mbele."

"Uongo."

Panga la nyama lilishuka. Kichwa kiliruka kikaangukia ndoo ya matumbo. Akamvuta kamba tena, na yule soja asiye na kichwa, mwenye damu ya mbuzi shingoni, akatoa amri nyingine kwa sauti ile ile thabiti. Niliota ndoto hiyo kwa miaka. Kisha akamkata vipande, kwa utaratibu, miguu, mikono, kifua, kama baba yake alivyomfundisha kukata mbuzi.

Ijumaa ya pili nilisema sijui. Akafikiri kidogo. "Hiyo ni kweli," akasema, "lakini mimi nimeuliza inasema nini, sijauliza kama unajua." Panga likashuka.

Siku ile ile nilikwenda nyumbani kwa mwalimu, nikasimama mlangoni. Maneno ya masoja wangu niliyajua kwa moyo, nilikuwa nimeyasikia mara elfu, ila yalikuwa mlio tu mdomoni mwangu. Nikamtolea mlio mmoja mmoja, na yeye akaniambia maana. Alikuwa na subira lakini alikuwa na ufito pia, na kila nilipochanganya alinichapa vidoleni. Niliyarudia njiani, kitandani, ghalani kati ya ngozi. Sikuwa nasoma ili nifaulu. Nilikuwa nasoma kwa sababu ya panga.

Ijumaa ya tatu nilijibu sawasawa. Alilishika panga juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mwache huyo," akasema mwishowe, kana kwamba anamwambia mtu mwingine, akamweka soja pembeni. Ya nne nilichanganya maneno mawili, na yule niliyemwiba akakatwa kwa urefu, toka utosini hadi kinenani, tukaona ndani ya kifua chake kisahani kidogo cheusi na sindano. Tulikitazama wote wawili tumeinama, vichwa karibu kugusana. Kwa kitambo tulisahau.

Ya tano ilikuwa zamu ya Soja wa Mchanga. Hakukuwa na fumbo. Mtaa mzima ulijua asemacho. Akavuta, sauti ikakwaruza, akauliza kama alivyouliza kwa wote. Nililitazama shimo la jicho lake, sasa halina kitambaa, ngozi imejikunja ndani. Alingoja. Nzi walitembea kwenye gogo.

"Anasema msipige," nikasema. "Anasema ngojeni."

"Mwache huyo," akasema. Akawachukua wawili waliobaki, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hatukuzungumza tena. Baba yake akaanza kuuza ngozi kwingine.

Nilikua, na Kizungu kikakua nami. Katikati ya miaka ya themanini nikaajiriwa mahakamani, karani na mkalimani. Nilitafsiri mapanga ya sokoni, mikuki ya visimani, wizi wa mifugo huko Biliqo ulioacha wachungaji wamelala kifudifudi, mke aliyemmwagia mumewe uji wa moto huko Chechelesi. Kila asubuhi nilikuwa mdomo wa mtu mwenye damu mikononi, nikisema mimi nilimchoma, mimi nilimkaba, na jioni nilinawa kama mchinjaji. Mama alikuwa akipita makusudi mbele ya mahakama, asimame dirishani asikilize.

Nikaanza tena kukusanya masoja, naona haya kusema. Kwenye marundo ya mitumba niliwatafuta, na kwa miaka mitatu niliwapata wanne, wakubwa kama wale, wawili bado wanasema. Niliwaweka kwenye kabati la nyumbani. Hawa sikuwakata masikio.

Siku moja, faili ya kumjeruhi mtu kwa kisu kwenye mnada wa mifugo ilifika mezani, na mshtakiwa akaingizwa kizimbani. Alikuwa amenenepa mabega. Jicho moja. Kiswahili alikijua tangu utotoni kama mimi, lakini alipoulizwa lugha yake alisema Kiborana, tena kwa kunitazama. Hakimu, mtu wa bara asiyejua Kiborana, aliyehamishiwa kwetu mwaka huo, akauliza kwa Kizungu, kama ilivyo desturi, ikiwa mshtakiwa ana pingamizi na mkalimani. Nikamgeuzia swali.

Alizungumza kwa utulivu na kwa muda mrefu. Kalamu ya hakimu ilingoja. Ningeweza kusema: hana pingamizi, mheshimiwa. Ndani ya chumba kile hakimu asingejua, mwendesha mashtaka asingejua. Mkate wangu ulikuwa pale, na jina langu.

"Anasema anayo, mheshimiwa," nikasema. "Anasema mkalimani huyu ni mwongo. Anasema tulipokuwa watoto mkalimani alitafsiri maneno ya mwanasesere, akasema mpigeni, na mwanasesere alikuwa amesema msipige. Anasema alikuwa amefungwa mikono. Anasema jicho lake la kushoto liliondoka kwa sababu ya tafsiri hiyo, na kwamba mkalimani hakuomba radhi, alilia kwa sababu ya wanasesere. Anasema huyo mwanasesere bado anaye."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Hayo ni maneno yake?"

"Ni yake yote."

"Na ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mheshimiwa."

Hakimu akaanza kuandika, na nilijua anaandika kwamba atafutwe mkalimani mwingine. Nilianza kukusanya karatasi zangu. Ndipo mshtakiwa alipoinua mkono, na safari hii alizungumza Kiswahili, kila mtu chumbani akasikia.

"Mwache huyo," akasema. "Hakupunguza neno."

Hakimu alitutazama sote wawili, akaifuta ile sentensi, akanipa karatasi ya mashtaka. Nikasimama, nikaanza kumsomea kosa lake, neno kwa neno.